Uso wa Moraa Kwenye Projekta Mpya

Kisii mjini, Jumapili, Agosti 1975

Mvua imenyesha tangu saa nane mchana na haijachoka. Niliyechoka ni mimi.

Leo nilitaka tu kulinganisha projekta mbili. Moja ni yangu kuukuu, niliyoinunua mwaka niliofungua studio ya picha. Nyingine ni mpya. Mwenye duka jirani aliniachia niijaribu kabla sijaamua kununua. Mama alikuwa amekuja kutoka Ikonge kunitembelea, nikaona nimwonyeshe sinema sebuleni. Nikafunga mapazia, nikatundika shuka ukutani, nikachagua mkanda mmoja nizipime mashine zote mbili kwa picha ileile.

Nilichagua mkanda wa dada yangu Moraa.

Niliupiga mwenyewe huko Nyamarambe alikoolewa, miezi minne kabla hatujamzika. Watu wa kwa mumewe walisema aliteleza mtoni akichota maji. Tulilia, tukazika, tukarudi nyumbani.

Nikaanza na projekta ya zamani. Picha ya manjano, pembeni giza, nyuso kama uji. Moraa anatoka jikoni na binti yake Kwamboka mgongoni, anajikinga jua kwa mkono, kisha anauteremsha na kucheka. Tumeuona mara nyingi. Mama hutabasamu hapo.

Nikauhamishia mkanda kwenye ile mpya. Jamani, tofauti! Niliweza kuhesabu migomba nyuma ya nyumba. Maua ya leso yake yalikuwa mekundu, wala si ya kahawia nilivyozoea. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuisifu lenzi, Moraa akateremsha mkono.

Jicho la kushoto lilikuwa limevimba hadi limefumba. Ngozi chini yake imepasuka.

Na hakuwa anacheka. Alikuwa ameuma meno.

Filamu haina sauti, lakini sauti yangu naikumbuka. Nilimwambia, "Toa mkono, Moraa, unaharibu picha."

Je, sikuona? Nilikunywa chai kwake siku hiyo. Alinikaribisha ameinamisha kichwa, kitambaa kimeshuka hadi kwenye nyusi, akasema ni moshi wa kuni. Nilitaka uwe moshi.

Nikazima mashine. Mama hakushtuka, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mama, umeona?"

"Niliona zamani," akajibu kwa Kikisii, polepole. "Alikuja Ikonge wiki hiyohiyo. Nikamkanda kwa maji moto, halafu nikamwambia arudi kwa mumewe. Ng'ombe wa mahari waliotolewa kwa ajili yake ndio uliooa nao wewe. Tungewatoa wapi?"

Nikautoa mkanda kwenye mashine.

"Rudisha mashine hiyo, mwanangu. Ile ya zamani inatutosha."

Akaenda chumbani. Nilibaki nimekaa mbele ya shuka tupu, na kila nikifumba macho, Moraa anateremsha mkono. Anateremsha tena. Ananiangalia kwa jicho moja, anangoja niseme kitu kingine, lakini mimi nasema lilelile.

Kisha nikamkumbuka Kwamboka. Ana miaka sita sasa, na bado yuko kwa baba yake. Krismasi iliyopita nilimpelekea gauni, akakaa nyuma ya mlango muda wote nikiwa pale. Niliporudi nilimwambia Mama kwamba mtoto ana haya.

Haya! Na nani alimfundisha kujificha hivyo?

Nikagonga mlango wa chumbani, nikasema kwamba kesho sifungui studio. Nakwenda Nyamarambe kumchukua Kwamboka. Baba yake akidai ng'ombe wake, atawadai kwangu, mbele ya wazee, na mimi nitasema mbele yao nilichokiona.

Nikarudi mezani kuandika haya, nikidhani amelala au amekasirika.

Sasa hivi mlango umefunguka. Mama amesimama hapo, kitambaa kichwani, viatu vya kanisani mkononi.

"Tunaondoka saa ngapi?" ameuliza.

Nimemwambia saa kumi na mbili.