Mzee wa Rufaa na Kijiko cha Uji

Shoga, leo nimejiaibisha kazini, we acha tu!

Unamkumbuka yule mzee wa pale kituoni kwetu, aliyenyimwa hifadhi ya ukimbizi? Rufaa yake inasikilizwa kesho, naye amegoma kula tangu juzi. Nesi kasema asipokula hataweza hata kusimama mbele ya hakimu.

Nikakaa naye, nikachota uji, nikaupuliza. Halafu ulimi ukaniponyoka: "Haya, aaam! Mtoto mzuri wa mama!"

Mtoto mzuri! Mzee ana ndevu nyeupe, shoga! Rika la baba yangu!

Nesi akakimbilia nje kucheka. Mimi natamani ardhi ipasuke inimeze.

Mzee akanikodolea macho weee, kisha akafungua mdomo. Kala bakuli zima! Akajifuta ndevu, akaniuliza, "Sasa mwanangu, hunipigi mgongo nicheue?"