Nitoe Kwenye Hesabu, Skola

Skola mdogo wangu,

Huko Dodoma najua kila anayekuandikia anaanza na Mheshimiwa. Mimi nimekubeba mgongoni, kwa hiyo neno hilo mkono wangu umelikataa, usinilaumu. Nakala ya barua hii nimeibandika ukutani pale kwenye mashine yangu ya kusaga, na nyingine nimempa katekista, ili asije mtu akasema nilikunong'oneza. Jambo lenyewe nililiharibu mbele za watu.

Unakumbuka Jumanne ile uliyouliza swali bungeni? Mashineni kulikuwa na watu kumi na wanne na Mama Beni alikuwa wa tatu kwenye foleni. Redio ilipotaja jina lako akapiga kelele hadi nikadhani mkanda umekatika.

"Zima mashine, Otilia! Mdogo wako anaongea!"

"Mahindi ya mtu yapo juu, nizime?"

"Zima bwana! Ugali tunakula kila siku, Skola hatumsikii kila siku."

Nikazima. Watu wakanyamaza kama wako kanisani. Mashine ile nimeinunua kwa tofali nilizofyatua mwenyewe, inasaga tangu saa moja asubuhi, na sijawahi kuona mtu akiinyamazia hivyo.

Ukauliza vizuri, sitakunyima hilo. Ukauliza ni lini Serikali itajenga nyumba ya mtumishi kwenye zahanati ya kijiji chetu, ili muuguzi wa pili aletwe. Naibu Waziri wa mambo ya halmashauri akasimama na karatasi yake, akasema kwa mujibu wa taarifa zilizopo, zahanati hiyo tayari ina nyumba, ya vyumba vinne, imeezekwa bati na inakaliwa, kwa hiyo wataanza na zahanati zisizo na nyumba kabisa. Ukaomba maswali mawili ya nyongeza. La kwanza, nyumba hiyo ni ipi, mbona wewe uliyezaliwa pale huijui? Akakujibu kwa upole ule unaouma, kwamba anamshauri Mheshimiwa Mbunge atenge muda wa kutembelea nyumbani kwao. Ukumbi ukacheka. La pili ukampelekea Waziri wa Afya: siku muuguzi akienda Mbinga kufuata chanjo, nani anazalisha? Yeye akasema muuguzi wa pili atapangwa pale mahali pa kuishi patakapokuwepo, na kwa taarifa alizonazo nyumba ni moja na ina mtu.

Yaani kwa huyu tunayo nyumba, hatuhitaji nyingine. Kwa yule nyumba imejaa, hatupati muuguzi. Watu kumi na watatu mashineni wakasonya.

Wa kumi na nne, ambaye ni mimi, alicheka.

Nilicheka kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikusikia umesimama mahali ukakosa la kusema. Ulipopiga simu jioni ile ukaniuliza, "Dada, hiyo nyumba ya vyumba vinne ni ipi?" nikakujibu, "Sijui, labda wamekosea." Nilijua. Nilijua mpaka idadi ya misumari.

Ngoja nikurudishe nyuma kwanza, ndipo utaelewa nilivyofika huko.

Unalikumbuka shamba la mteremkoni, mwaka ule baba na wajomba walifyeka nyasi, wakazipanga miraba, wakatuachia sisi kazi ya kuchota udongo wa katikati na kuzifunika? Ngolo za shamba lile, yale mashimo ya kushika maji ya mvua, zilikuwa ngumu, ardhi ina mawe. Mimi nilikuwa nachimba, wewe unachimba kidogo na kuongea sana. Baba akipita chini na kuuliza mmefika wapi, ulikuwa unasimama juu ya tuta kabla sijanyoosha mgongo: "Arobaini na mbili, baba!" Baba anasema, "Hongera, Skola." Arobaini na mbili ilikuwa kweli, hukudanganya. Ila mashimo thelathini na moja yalikuwa yangu, kumi na moja yako. Wewe ulikuwa unajumlisha. Kwako wewe kujumlisha ni kazi moja na kuchimba.

Na unakumbuka mama alipobebwa. Mimi nina miaka kumi na mitatu, wewe tisa. Uchungu ulimshika siku mbili, wanaume wakamfungia kwenye machela tukaanza kuteremka kwenda hospitali ya misheni kule ziwani. Tulipita Kingerikiti jua linachomoza. Kwenye kona ile ambapo ziwa linaonekana lote kwa mara ya kwanza, ukamshika shati mjomba aliyekuwa mbele na kumuuliza, "Kwa nini hospitali imewekwa mbali hivi?" Mjomba akasema, "Kimbia, mtoto." Mimi sikuuliza kitu. Nilikuwa nahesabu mara ambazo machela iliwekwa chini wachukuzi wapumzike, kwa sababu kila ilipowekwa mama alilia kwa sauti tofauti. Mara kumi na saba. Wewe kuanzia ya tisa ulikuwa umelala mgongoni kwangu.

Mtoto alikufa, mama akapona, lakini hakuweza tena kuinama na jembe. Kwa hiyo jembe likawa langu. Mwaka ule nilimaliza la saba nikiwa wa pili kati ya watoto arobaini na saba, na sikwenda sekondari. Miaka minne baadaye wewe ulikuwa wa kumi na tisa kati ya hamsini na wawili, ukaenda. Nilikushonea begi.

Halafu nikasikia hotuba yako ya kwanza bungeni. Ulisema mama yako alibebwa kwa machela, na kwamba wachukuzi walipumzika mara kumi na saba. Watu walikuwa wanalia redioni, Skola. Mama Beni alilia akajifuta kwa kanga yangu. Nikajiuliza, hii kumi na saba kaitoa wapi huyu, alikuwa macho? Nilikupa mimi, tukiwa tunapukuchua mahindi, nikikusimulia ili usisahau. Sikujua nakupa mtaji.

Sasa nyumba. Unaijua nyumba yangu ya juu ya barabara, tofali elfu tisa na mia nne, matanuru mawili, bati thelathini na mbili nilizozipandisha kutoka Mbinga kwa safari tatu. Niliijenga nizeekee humo. Nesi Esta alipoletwa, mtoto wa watu wa Ngumbo, aliwekwa kwenye stoo ya zahanati kati ya maboksi. Nilimkuta asubuhi amejifunga mablanketi mawili, meno yanagongana.

"Dada Otilia, sisi watu wa ziwani baridi hii hatukuumbiwa."

"Na sisi wa huku juu tuliumbiwa? Beba godoro lako."

Akahamia kwangu, mimi nikarudi kwenye chumba cha nyuma ya mashine. Wewe ulijua. Ulipokuja ziara ukakutana na wananchi uwanjani, mimi nilikuwa jikoni nawapikia msafara, kuku sita. Nilisikia yote kupitia dirishani. Ukamshukuru mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, diwani, paroko, kwaya, mpaka dereva wako. Watu kumi na mmoja kwa majina. Nilisimama na mwiko nangoja wa kumi na mbili. Ukaingia jikoni umechoka, ukanyofoa paja la kuku ukiwa umesimama. Nikakuuliza, mbona mimi hukunitaja? Ukacheka kabisa, ukanikumbatia na vumbi lako.

"Dada na wewe! Mtu wa nyumbani anashukuriwa?"

Paja ulilomaliza lilikuwa tamu, ulisema. Mimi usiku na mchana nilikuwa natafuna neno lako.

Wiki mbili baadaye akaja kijana kutoka halmashauri na kishikwambi, anaandikisha majengo ya huduma. Akasimama mbele ya nyumba yangu, akaona beseni la zahanati limeanikwa, akamuuliza Nesi Esta, nyumba hii ni ya nani? Nesi akamjibu sawasawa: "Ya Dada Otilia. Mimi nimehifadhiwa tu."

Mimi niliwasikia kutoka mashineni. Skola, nilitoka mbio, unga hadi kwenye viwiko.

"Andika! Hii ni nyumba ya muuguzi. Vyumba vinne. Bati thelathini na mbili. Nimeijenga mimi, Otilia, kwa ajili ya zahanati hii."

"Umeitoa kwa zahanati, mama?"

"Nimeitoa. Andika."

Nesi Esta akanivuta kanga kwa nyuma. Sikugeuka. Nilikuwa nakuona wewe, na ile orodha yako ya watu kumi na mmoja. Nilitaka mahali pamoja tu, hata kwenye kompyuta ya Serikali, paandikwe kwamba kitu hiki kimefanywa na mimi na hakijajumlishwa na mashimo ya mtu mwingine. Kijana akagusagusa. Nikamuuliza, jina langu umeliandika?

"Hapa hakuna sehemu ya jina, mama. Kuna idadi tu."

Kisha akainua kishikwambi apige picha. Nikajiweka mlangoni, nikafuta unga usoni. Akaniambia, "Mama, sogea kidogo, nyumba ionekane."

Nikasogea.

Hiyo ndiyo nyumba ya Naibu Waziri, ambayo hukuitambua kwa sababu wewe uliijua kuwa ya dada yako. Hakudanganya, alisoma alichoandikiwa. Aliyeandikisha ni mimi, kwa wivu, na wivu huo ndio uliokufanya uchekwe, na ndio uliotunyima muuguzi wa pili. Baada ya kipindi kile Nesi Esta alikuja mashineni, akangoja watu wapungue. Hakunifokea. Alisema tu, "Dada, ile nyumba yako imenifungia mlango kwa nje." Hata hapo nilinyamaza. Nilijiambia wabunge wana maneno mengi, atapata njia nyingine.

Kilichonifanya nishike kalamu ni Alhamisi iliyopita. Nesi Esta alikuwa Mbinga kufuata chanjo, zahanati ina kufuli. Mkwe wa Mama Beni akashikwa na uchungu. Wakamleta kwangu kwa kuwa ni jirani na zahanati, kana kwamba ujirani unazalisha. Tukampakia kwenye bodaboda, mimi nyuma yake nimemshikilia, tukaanza kuteremka njia ileile. Pikipiki ilisimama mara nne. Nilihesabu, sikuweza kujizuia. Ya nne ilikuwa kwenye kona yako ile, ambapo ziwa linaonekana lote, na pale ndipo mtoto alipotoka. Nilimpokea kwa mikono hii, nikamfunga kwa kanga, mimi nisiyejua kitu zaidi ya kufyatua tofali. Mama yake akaniuliza, "Analia? Mbona simsikii?" Na mimi nikawa nimesimama na kitoto kimya mikononi, na kichwani mwangu kuna yule kijana ananiambia, mama, sogea kidogo.

Kikalia. Nakuandikia leo kwa sababu kililia. Kisingelia, sijui ningekuandikia nini.

Ni wa kike, mzima, mama yake mzima. Na unajua wamempa jina gani? Skolastika. Nimempokea mimi, nimemfunga kwa kanga yangu ambayo hadi sasa haijarudi, na mwenye jina ni wewe! Mama Beni ananiambia bila aibu, "Tumemuita jina la mtu anayetuulizia huko juu." Nilikaa nje ya nyumba yao nikiwa nimenuna kama mtoto. Halafu nikakumbuka kwamba siku ile kwenye kona, kati yetu sote, aliyeuliza ni wewe. Mimi nilihesabu tu na kukaa na hesabu yangu.

Nimekwenda kwa mtendaji. Nimeandika kwa mkono wangu kwamba nyumba ile ni mali yangu, sikuwahi kuikabidhi kwa hati yoyote, na Nesi Esta ni mgeni wangu. Mtendaji akavua miwani. "Unataka ifutwe? Wewe uliyekuja mbio na unga?" Nikamwambia, mimi huyohuyo. Amegonga muhuri, ameipeleka halmashauri, na kasema itakwenda haraka zaidi mbunge akiuliza upya. Nakala yako imo ndani ya bahasha hii.

Kwa hiyo simama tena. Muulize Naibu Waziri swali lilelile. Akisema nyumba ipo, mwambie ni ya dada yako na dada yako alisema uongo. Nimekuruhusu, litaje jina kama ukumbi utataka. Idadi ya nyumba za watumishi kwetu ni sifuri, idadi ya wauguzi ni mmoja, na pikipiki ilisimama mara nne. Hizo zote nimezihesabu mwenyewe, zichukue. Ukitaka sema umehesabu wewe.

Miaka yote hii nilikuwa natafuta wa kuniingiza kwenye hesabu. Sasa nakuomba unitoe, mimi na bati zangu thelathini na mbili, abaki sifuri peke yake pale, kila mtu amwone.

Nesi Esta anakusalimia. Mtoto wako wa jina anacheua sana, mama yake anasema atakuwa msemaji. Ukija, pitia nyuma ya mashine, ndiko ninakolala bado. Usije na dereva. Tutapanda shambani tuone kama ngolo zile bado zipo.

Ni mimi dada yako,

mwenye mashimo thelathini na moja.