Zamu ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mvua tangu asubuhi, sola haijashiba vizuri. Lakini nimemaliza! Programu ya josho imepiga simu yake ya kwanza ya kweli, kwa Christina, katibu wa kikundi chetu cha wafugaji. Alikuwa barazani kwake anachambua maharage. Nilimsikia akicheka kutoka ng'ambo ya barabara. Kisha kaja mbio kulalamika kwamba nimemzeesha, maana programu inamwambia kila mtu shikamoo.

Kazi yenyewe si kubwa. Josho la Nyakahura, la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe, ni moja, ng'ombe ni wengi, na mvua ikinyesha zamu zinasogea. Zamani Nshoma, mlinzi wa josho, alizunguka na baiskeli kuwaambia watu nani aogeshe kesho. Sasa programu inapiga simu jioni kwa sauti yangu: shikamoo, jina la mtu, kesho ni zamu yako. Majina nimeyarekodi mwenyewe, blanketi kichwani ili mvua kwenye bati isisikike. Nimetoka humo na jasho kama nimepika ugali wa msiba.

Limebaki jina la baba mkwe tu. Hilo silitamki. Kwetu Ngara tumelelewa hivyo, na hapa kwa Wasukuma ni hivyo hivyo: baba wa mume hatajwi na mkwe. Wifi yangu Wema akija likizo atanirekodia.

Nimeongeza kanuni moja ndogo: pasipo na sauti, ruka. Bila hiyo programu yote ilikuwa inaanguka, inazimika katikati. Sasa haianguki. Safi!

Jumatano, 5 Machi

Majivu ya Kwaresma kwenye paji la uso, na leo hakuna aliyeniudhi. Basi niandike vitu ninavyovipenda.

Vim kwanza. Herufi nyeupe kwenye giza, hakuna kipanya, hakuna mapambo. Humo naandika programu, humo naandika na shajara hii, faili tupu la maandishi ambalo hata laptopu hii kuukuu inalifungua bila kuhema. Halafu Git. Ukiharibu leo, inakurudishia jana. Ningekuwa na Git ya mdomo ningekuwa nimeomba msamaha mara chache maishani. Audacity ya kukata sauti. Hedifoni zinazosikika sikio moja, nazo nazipenda, basi tu.

Na modemu yenye laini ndani yake, iliyofungwa dirishani kwa kamba ya katani ili ipate mtandao. Na sola ya baba mkwe. Alinipa paneli na hiki chumba cha mbele mwaka jana, hakuniuliza maswali. Alisema tu mtu mwenye kazi apewe pa kufanyia. Shemeji Mashimba alinuna. Yeye anaitaka hiyo paneli kwa saluni yake ya kunyoa pale barabarani.

Jumamosi, 8 Machi

Aibu gani hii!

Jana ilikuwa zamu ya baba mkwe. Hakupigiwa simu. Alhamisi jioni alikaa na simu mkononi akingoja, mama mkwe ananiambia, hata chakula alikila simu ikiwa mapajani. Haikuita. Akadhani zamu imesogezwa kwa sababu ya mvua, akawatoa ng'ombe malishoni. Wenzake wote waliogesha. Leo kapita joshoni, Nshoma kamwambia mbele ya watu: mkwe wako kakukumbuka, au kakufuta?

Alivyorudi nikamwamkia. Shikamoo baba. Akapita.

Sijawahi kukosa marahaba katika nyumba hii. Nimebaki na ndoo yangu mkononi kama mgeni. Inauma.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya kanisa, kikao cha familia. Mashimba kaongea sana. Eti mashine zangu zinachagua watu. Eti saluni ingekuwa inaingiza riziki sasa hivi badala ya kuwapigia simu wazee wa watu.

Baba mkwe kaongea kidogo. Kikundi cha josho kinakutana Jumamosi. Kikisema programu iendelee, nibaki na chumba na sola. Kikiikataa, paneli ihamie saluni nami nikauze dukani Runazi kwa shangazi yao, anatafuta mtu. Akainuka. Nilimwamkia asubuhi na jioni. Hakuitikia mara zote mbili.

Duka sina dharau nalo. Lakini sikusoma usiku na mchana nije kupima sukari! Nitalipata hilo kosa. Nitalipata hata kama ni kwa kulifukuza chini ya kitanda.

Jumatatu, 10 Machi

Sio modemu. Nimeifungua kamba, nimeigeuza, nimeifunga upya. Sio laini. Sio mtandao: nimempigia baba mkwe kwa mkono, simu ikaita vizuri, akakata. Sio tarehe. Nimeirudisha programu ilivyokuwa wiki jana kwa Git, bado inamwacha. Kila mtu inampigia. Yeye tu!

Mashimba kachungulia dirishani kuuliza kama paneli inafunguliwa kwa spana namba ngapi. Nimemwambia aje nazo zote alizonazo, atazihitaji za kulegeza uso wake. Mama mkwe kacheka huko jikoni. Nimepata nguvu.

Jumanne, 11 Machi

Nimelipata.

Nimeiendesha polepole, jina kwa jina, kila hatua ijiandike kwenye kioo. Nshoma, sauti ipo, piga. Christina, sauti ipo, piga. Ikafika kwake. Sauti haipo. Ruka.

Ruka! Kanuni yangu mwenyewe. Nilimwachia Wema nafasi wazi, kisha nikasahau kwamba nimeifundisha programu kuruka nafasi wazi. Siku zote hizi namtafuta mchawi kwenye nyaya, kumbe ni heshima yangu. Nimemheshimu mzee mpaka nikamwacha nje ya josho.

Nimecheka. Halafu nimelia kidogo. Halafu nimechemsha chai.

Jumatano, 12 Machi

Ndama wa yule ng'ombe mwenye baka anaumwa. Tezi zimevimba chini ya masikio, hanyonyi. Mtaalamu wa mifugo kamchoma sindano, kasema ni ndigana. Huo ni ugonjwa wa kupe. Huenda aliambukizwa kabla ya hiyo Ijumaa ya zamu, huenda sivyo. Hakuna aliyenisema. Ningesemwa ingekuwa nafuu.

Nimemwambia mama mkwe kosa lilipo, nikamwomba anirekodie hilo jina. Kanishika mkono kabisa: mwanangu, mimi nilimtaja lini? Nimezaa naye wanne namwita Baba Juvenali.

Nikampigia mume wangu, yuko na lori njia ya Isaka. Juvenali kacheka hadi nikakasirika. Halafu kasema sema tu mwenyewe, hiyo ni kompyuta, nani atajua? Nitajua mimi! Na sauti yangu itamtaja kila jioni ya zamu yake. Basi akajitolea kurekodi yeye, anitumie.

Ingewezekana. Nimefikiria nikiwa nachota maji. Lakini aliyerukwa si Juvenali. Nikilichomeka jina kimyakimya, zamu ijayo simu itaita, na mzee atabaki anaamini kwamba nilimfuta kisha nikaogopa. Hapana. Nitamwendea mwenyewe.

Alhamisi, 13 Machi

Sijamwendea. Mvua. Uongo — woga.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemkuta zizini, amechuchumaa karibu na ndama, anamtoa kupe masikioni kwa vidole. Nimepiga goti kwenye matope. Shikamoo baba. Akang'oa kupe mwingine.

Nikasema hivyo hivyo nikiwa chini. Baba, programu haikukusahau. Ilihitaji jina lako kwa sauti, mimi nikashindwa kukutaja. Nikaacha pengo, ikaliruka. Kosa ni langu.

Aliendelea na masikio ya ndama. Nikadhani mazungumzo yameisha.

"Uliwataja wote?"

"Wote, baba."

"Hata Nshoma?"

"Hata Nshoma."

"Mimi tu ndiye ukashindwa."

"Wewe tu."

Akapangusa vidole kwenye majani. Akaniuliza, sasa hiyo mashine yako itaniitaje? Nikamwambia, uiambie wewe mwenyewe. Nikampa simu ya kurekodia. Aliishika kama kiazi kilichotoka motoni. Akakohoa, akasimama wima kabisa, kofia akaivua. Akasema jina lake. Nilidhani amemaliza, nataka kuzima — akaongeza la baba yake, na la babu yake, na kwamba walitoka Shinyanga na ng'ombe wao kwa miguu mpaka Biharamulo. Nikaacha iendelee.

Akanirudishia simu, akamrudia ndama. Marahaba hakusema.

Nimesafisha sauti kwenye Audacity. Mlio wa ng'ombe umetoka, nusu yake. Shinyanga na safari nimeviacha, sijakata kitu. Wote mafaili yao yana majina yao. Lake nimeliita baba, kwa sababu hata kwa vidole siwezi.

Jumamosi, 15 Machi

Niko joshoni. Nimekaa juu ya ukuta, laptopu mapajani, modemu imefungwa kwenye tawi la mti wa uzio, paneli tumekuja nayo, imeegemea hapo chini. Naandika hapa dirisha moja, programu dirisha la pili, angalau nionekane nina kazi. Watu wamejaa. Ndama kanyonya kidogo asubuhi, kidogo tu.

Nshoma kasimama. Anasema baiskeli yake haijawahi kumruka mtu. Wanacheka. Anasema lakini pia magoti yake yamechoka, basi tuone. Christina kasema kabla ya kura ijaribiwe mbele ya wote, na ijaribiwe kwa yule iliyemruka. Wote wanamgeukia baba mkwe. Mashimba kakunja mikono, kaja na spana mfukoni, naiona!

Nimebonyeza.

Kimya. Mtandao umebaki kijiti kimoja. Jamani.

Inaita! Inaita kwenye koti lake. Haitoi. Anaisikiliza tu inavyoita, kama anataka na wa mwisho kule nyuma asikie. Sasa kaitoa. Nshoma anambonyezea lauspika.

Sauti yangu, kubwa, josho zima: "Shikamoo."

Niko hatua chache tu kutoka kwake. Hanitazami. Ameinamisha mdomo kwenye simu.

"Marahaba."

Kisha sauti yake mwenyewe inaanza kumwita, na baba yake, na babu yake, na ng'ombe kutoka Shinyanga. Watu hawacheki. Mzee mmoja kavua kofia. Nshoma anauliza kama na yeye anaruhusiwa kurekodi upya, maana lake ni fupi.

Christina anasema tupige kura sasa, wanaotaka iendelee wanyooshe mikono. Siangalii. Macho kwenye kioo, naandika tu, nasikia nguo zinavyosuguana watu wakiinua mikono au wakijikuna, sijui. Mashimba yuko karibu na paneli. Baba mkwe bado ana simu sikioni, sijui anasikiliza nini, imeshakatika. Sasa anaita. Ananiita mimi, kwa jina langu —