Swichi Kumi na Moja Zilizoungua

12 Februari

Shikamoo Mama,

Magoti yanasemaje? Mimi mzima wa mwili, kichwa ndicho kinachonizunguka. Kile kigeuza-umeme cha zahanati, kinachotoa umeme wa betri kwenda kwenye mashine ya oksijeni ya watoto, kimenitoa jasho. Cha zamani kinapoteza wati kumi na nane katika kila mia, joto tupu, na betri inakata baada ya masaa manne. Kwenye kipya ninachokiunda nimeweka swichi za galiamu nitridi, zinazowaka na kuzima mara milioni kwa sekunde. Kumi na moja zimeshaungua. Bosi kasema mwezi ukiisha nirudi kwenye swichi za kawaida za silikoni.

Najua hukutaka niiache karakana yako ya redio. Lakini nimuulize nani mwingine? Picha ya ubao wa saketi yangu imo humu ndani ya bahasha.

Mwanao

20 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Magoti yananung'unika, siyasikilizi. Picha ya ubao wako nimeitazama kwa lenzi. Vipande umevikalisha mbali mbali kama watu waliogombana. Kwa kasi hiyo waya si waya tena. Urefu wa kidole unatosha kuzusha mawimbi yanayoipiga swichi mpaka ife. Redio zilinifundisha hilo kwa kuniunguza. Saketi inayoiamrisha swichi isogeze mpaka zigusane pua, na kapasita inayoihifadhia umeme vilevile. Njia ya umeme kurudi ipite moja kwa moja chini ya ile ya kwenda. Kasi usipunguze. Kosa si la swichi.

Mama

9 Aprili

Shikamoo Mama,

Nisamehe kwa ukimya, nilihamia zahanati. Niliomba wiki moja nichore ubao upya, bosi akanipa siku tatu. Tangu hapo haijaungua hata moja. Wati tisini na sita katika mia zinafika.

Jumanne umeme ulikatika kwa masaa manne na nusu. Muuguzi alisimama akitazama saa, akitazama watoto watatu kitandani. Masaa manne yakatimia, yakapita, mashine ikaendelea. Umeme uliporudi, akaketi sakafuni. Watoto wazima wote.

Bosi akauliza mpangilio ule nimeusomea wapi. Nikamjibu, "Kwa mama yangu, fundi redio." Anataka uje utufundishe, mwezi mzima.

Mwanao

15 Aprili

Fundi mwenzangu,

Barua yako nimewasomea wateja mara mbili; ya pili hawakuiomba. Nilikuambia shule itakuharibu mikono. Nilisema vibaya, na miaka minne nimeona aibu kulirudisha neno lile. Karakana naifunga, redio za watu acha zinune. Nafika Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Usiache kazi kuja kunipokea. Niambie tu meza yangu iko wapi.

Mama yako