Kumwaga Beringi, Southall

Jumamosi, 4 Oktoba 2025
Beringi zimeharibika tena! Mzee Gurmit, mwenye karakana, kavua miwani. Injini ya Ford ya mwaka 1930, silinda nne, anataka iende mbio kuliko ilivyozaliwa — kabureta mbili, hedi mpya, krankshafti iliyosawazishwa. Yote tayari. Ila beringi zake za zamani si za kununua dukani. Madini laini yanayeyushwa, yanamwagwa humo humo kwenye bloku, mwili wenyewe wa injini. Nimemwaga mara mbili. Vitundu kama maandazi.

Mzee ni mzaliwa wa Kisumu. "Wewe ni fundi ama cleaner?" Alitania. Imeniuma. Jumatatu mpaka Ijumaa nasafisha ndege Heathrow.

Anayeijua kazi hii namjua mmoja tu. Yuko Mbeya.

Jumapili, 5 Oktoba
Sijapiga. Kaka Godson ndiye aliyenifundisha, karakana ilikuwa yetu wawili. Nikaondoka, nikasema miezi sita. Baba akafa, sikwenda — makaratasi yangu yalikuwa Home Office, kwa watu wa uhamiaji. Kaka alizika peke yake. Miaka tisa hapokei simu yangu. Nakikumbuka hata kile kikohozi chake akiinama kwenye injini.

Jumatano, 8 Oktoba
Kapokea! Niliazima simu ya Tatiana wa kazini, namba ngeni. Shikamoo kaka, ni Lusajo. Nilimwamkia kwa Kinyakyusa pia. Akajibu kwa Kiswahili, kama ofisini. Nikaogopa atakata, nikaropoka habari za beringi.

"Bloku uliipasha moto?"

Kidogo, nikasema.

"Kidogo! Chuma baridi kinakataa. Chovya kijiti kwenye madini, kikibadilika kuwa kahawia, mwaga. Usisite katikati."

Akakata. Nikabaki kati ya viti vya ndege, natabasamu kama mwehu.

Jumamosi, 11 Oktoba
Tumemwaga. Laini kama sabuni! Mzee Gurmit kapitisha kidole, anauliza aliyenielekeza ni nani, nimlete. Haletwi huyo, nikamwambia. Mzee akaenda kuchemsha chai.

Jumamosi, 25 Oktoba
Imewaka saa nane mchana! Karakana nzima inatetemeka. Nimempigia kaka, safari hii kwa namba yangu. Kapokea. Nikasogeza simu kwenye injini. Dakika nzima anasikiliza. Najua kafumba macho.

"Silinda ya tatu inakosa moto. Angalia plagi."

Kweli! Mzee hakuwa amesikia, wala mimi. Kaka kasikia kutoka Mbeya.

Kisha, taratibu: "Unarudi lini?"

Nikasema kelele nyingi, sijasikia. Nilisikia.

"Basi izime. Nasubiri."

Nimeizima. Mzee katoka nje, karudisha mlango. Simu iko hapa juu ya benchi, haijakatwa. Namsikia anavyopumua. Na mimi nimeshika daftari la vipimo, naandika, badala ya kumjibu.