Mtoto Mwenye Jina la Mjomba

Mwene-Ditu

Mama yangu mpenzi,

Jambo sana. Mguu unaendeleaje, bado unakusumbua ukitwanga? Sisi huku tunapumua. Mume wangu anafundisha, mimi nalima mihogo. Anayekuletea barua hii ni mama muuza chumvi. Mpe chakula, treni imemchosha.

Mama, mliposikia mtoto wangu wa kike nimemwita Kasongo, jina la kaka yako, mlifurahi mkasema nimesamehe. Mjomba akatuma kitenge kwa majina wake, yaani mwenye jina lake, akajisifu mtaa wa Kikula mzima. Sikusamehe. Nilimpa mtoto jina lile kwa sababu kwetu mtu hawezi kumkatalia kitu mtoto mwenye jina lake, na nilijua siku moja nitaomba.

Unakumbuka, siku zile watu wa Kasai walipofukuzwa huko, nilikuwa na mimba ya miezi saba. Mjomba alikuja na vijana, wakagonga mlango wetu wa bati kwa vyuma, yeye mbele: "Mutoke! Bwana yako arudie kwabo Kasai! Hii nyumba ni yetu!" Kisha tukakaa stesheni, pale gare, wiki baada ya wiki tukingoja treni, na kila bati lilipolia mahali, tumbo lilikuwa gumu kama jiwe.

Leo Kasongo ana miaka minne. Mfuniko wa sufuria ukianguka anaruka, anajificha chini ya meza, anamwuma atakayemgusa. Halali mchana ila akibebwa mgongoni. Mchungaji alisema ni pepo, akatufungisha tusile siku tatu. Mama mkwe akaanza kuniangalia vibaya. Na mimi, mjinga, nikaamini kosa ni langu.

Mwezi uliopita muuguzi wa zahanati aliniuliza: "Mama, wakati ulikuwa na mimba, ni nini ilikuwa inakuogopesha?" Nikamweleza yote. Akasema hofu ya mama ikizidi inaweza kumfikia mtoto tumboni, ubongo wake ukiwa bado unajengeka, ukazoea hatari kabla hajazaliwa. Si watoto wote, alisema. "Lakini huyu mutoto haiko na pepo. Iko na woga. Mumubebe, mumutulize, atabadilika pole pole."

Basi sasa najua hasira yangu niipeleke wapi.

Mavuno yakiisha tunakuja. Nyumba siiulizi kwanza. Mjomba atambeba majina wake mgongoni, amfunge kwa kitenge kilekile alichotuma, kama wanawake tunavyobeba, apite naye sokoni Kikula mchana, wenzake wakimwona, mpaka alale. Kesho yake tena. Akichoka, Mama, nakuomba usimpokee. Wakimwuliza mtoto huyu mkubwa ana nini hata abebwe, ajibu mwenyewe, kwa mdomo uleule uliotufukuza.

Nisalimie dada aliyetuletea maji gare, na mke wa mjomba, maana siku ile alilia. Shangazi anayeomba kanisani nisamehe, mwambie asichoke.

Ndimi binti yako, ambaye kila siku, mara mia, huku wananiita

Mama Kasongo