Bastola ya Nizari na Neno Hodi

Skaboro, Toronto
Jumapili, theluji ya kwanza

Mdogo wangu Hamisi,

Nina miaka sabini na minne. Nimeishi kuliko Mfalme aliyenivika kofia ya Keya, jeshi lake la huku kwetu, kuliko Wajapani waliotaka roho yangu kule vitani Bama, kuliko wake zangu wawili Mungu awarehemu, na kuliko ndugu zetu wote isipokuwa wewe. Na wewe ukiendelea na tabia hii ya kuamini kila simu, nitakuzika vilevile. Shikamoo yako imefika. Marahaba. Mguu unaendeleaje? Shemeji kikohozi kimempungua? Paa la upande wa jikoni mmelitengeneza, au bado mnakinga mabeseni?

Ukiona herufi zangu zimelala kama ulezi uliopigwa na mvua, usidhani ni akili. Ni mkono. Mkono wa kulia nimeshonwa nyuzi sita, hapa kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Habari ya nyuzi hizo unayo tayari, najua, ila umeipata kichwa chini miguu juu.

Mwanao Sefu, huyu niliyemzaa mimi, alikupigia. Alikupigia mimi nimekaa palepale kwenye kochi, akidhani sisikii. "Baba mdogo, mzee amepotewa. Anachezea bastola za watu." Na wewe, badala ya kusema ngoja nimuulize mwenyewe, ukachukua kalamu ukaandika: kaka tulia huko huko karibu na madaktari, chumba chako tumefikiria tumpangishe mwalimu. Mwalimu, Hamisi! Chumba ambacho matofali yake niliyafyatua kwa mikono hii!

Basi nisikilize mimi sasa, halafu uamue.

Unamkumbuka yule Mhindi wa duka la vitambaa karibu na stesheni ya Tabora, aliyempa mama kanga siku ya msiba wa baba asiulize neno? Mwanawe yuko huku. Anaitwa Nizari, ana duka la kutoa fotokopi, na nyumba yake iko nyuma ya haya maghorofa yetu. Katika nchi hii yote ndiye mtu pekee anayeniita Koplo. Wajukuu zangu wananipita kama nguzo ya umeme. Nikiwaambia kitu wanaelewa, lakini wananijibu kwa Kizungu, na mama yao anashinda akiwaogesha wazee wa watu wengine, akirudi hana nguvu ya kumwambia mzee wa kwake habari za kazi. Kwa hiyo nilikuwa naenda kwa Nizari kunywa chai na kusema.

Mwaka jana wezi walimvunjia nyumba mchana kweupe, wenyewe wako dukani. Wakabeba bangili za mkewe na picha ya baba yake yenye fremu ya fedha. Nizari akaapa. Akajiunga na klabu ya kupiga shabaha, akafanya mitihani, akajaza makaratasi miezi na miezi, mwisho akapewa kibali akanunua bastola. Akaniita jikoni kwake, akaifunua kwenye taulo.

"Koplo," akasema, "wewe ulikaa ghala la silaha miaka sita. Nipimie hii kitu. Mimi nataka mambo mawili tu. Jumamosi nipige shabaha, na siku zingine ilinde nyumba."

"Jogoo hatagi," nikamwambia. "Kitu kimoja hakifanyi kazi mbili."

"Wewe pima kwanza, maneno baadaye."

Nikaipima. Hakuna mtu Skaboro nzima, mweusi wala mweupe, angeipima kama mimi, na hili nalisema bila kujisifu. Ilikuwa bastola kubwa, ya kimo kamili, mwili wote chuma, si hizi za siku hizi zenye mwili wa plastiki kama beseni. Tupu ina uzito wa kilo ya sukari. Ukiijaza, ongeza kikombe. Nikavuta kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, kikateleza kama droo ya fundi anayeogopa Mungu. Nikauelekeza mtutu dirishani, nikachungulia kwa nyuma, misokoto ya ndani safi. Kifyatulio kinalegea kidogo mwanzoni, halafu kinakatika kama kijiti kikavu. Kinundu cha kulengea ni kidogo mno kwa macho ya mtu mzima, nikamwambia atie tone la rangi nyeupe. Kasoro niliiona moja: nyundo ya nyuma ni ndefu, na meno yake makali. "Hii itamng'ata mtu," nikamwambia. Kumbe ilikuwa inanitazama mimi.

Kuna kipimo kimoja cha zamani. Unaweka sarafu juu ya mtutu, bastola tupu, unafyatua taratibu. Sarafu ikibaki, mkono na chuma vimepatana. Nizari akatoa ile sarafu mpya ya dola mbili yenye dubu. Akafyatua yeye, dubu akakaa. Nikafyatua mimi, dubu akaanguka. Nikarudia, akaanguka tena, akabingirika mpaka chini ya jiko.

Nizari akainama akaiokota. Hakucheka.

"Upepo," akasema.

Madirisha yalikuwa yamefungwa, Hamisi. Nakuandikia hili ili ujue sikufichi kitu. Na siku ile nilimpenda yule mtu kama ndugu wa tumbo moja.

Jumamosi akanipeleka klabuni. Ni ukumbi wa chini ya ardhi, kila mtu na chumba chake kama farasi, masikio yamezibwa. Pale ule uzito niliuelewa. Bastola nyepesi inaruka mkononi, hii inajinyanyua kidogo na kurudi mahali pake, kama mama mnene akiamka kitini na kukaa tena. Msimamizi akanipa risasi tano, kasimama ubavuni kwangu. Nne zikaingia kwenye karatasi. Ya tano sitaisemea. Yule msimamizi akaniuliza nilijifunza wapi, nikasema Bama, akavua kofia. Mwambie Sefu hilo akikupigia tena.

Kwa hiyo shabaha ilifaulu. Ikabaki nyumba.

"Sheria inasema ikae tupu," Nizari akanieleza tukiwa njiani, "imefungwa kufuli, na risasi mbali nayo."

"Sasa mwizi akija?"

"Nafungua kufuli ya kwanza, nafungua ya pili, naleta risasi..."

"Mpaka hapo mwizi ameshakunywa chai, anakuuliza sukari iko wapi."

Akacheka mpaka akaipita taa nyekundu ya barabarani. Halafu akasema polepole kwamba yeye sheria ataikunja kidogo. Nikamuuliza, na utamjuaje mwizi? Na hapa, mdogo wangu, nikatia maneno ambayo natamani ningeyameza. Nilisema: "Mtu wa nyumbani hupiga hodi. Asiyepiga hodi ni mwizi."

"Hapo umesema, Koplo," akajibu.

Nilikuwa nasema kama mtu wa Tabora. Nilisahau ninaishi wapi. Huku hata mtoto wako wa kuzaa anaingia kimya kama moshi, maana ana ufunguo wake.

Jumamosi iliyofuata, saa sita mchana, tulikuwa jikoni kwake tumetoka klabuni. Mkewe alikuwa amekwenda kwa dada yake. Tukaisafisha bastola, tukaipaka mafuta. Mimi nikasema tujue inavyokaa mkononi ikiwa imejaa, kwa ajili ya nyumba. Mimi ndiye niliyesema. Nizari akaijaza.

Mlango wa mbele ukafunguka.

Nizari akangoja ile hodi. Haikuja. "Nani?" akaita. Kimya. Akasimama, akavuta kile chuma, nyundo ikainuka. Uso wake ulikuwa umekwenda mahali ninapopajua mimi, kule msituni Bama, mtu anapoacha kusikia.

Lakini mimi nilisikia. Nilisikia kiatu kikianguka sakafuni kule mlangoni, halafu cha pili. Hamisi, mwizi gani anavua viatu?

Sikuwa na muda wa kusema. Nikatia mkono wangu pale nyuma, kati ya nyundo na chuma. Na wakati huohuo nyundo ikashuka. Iliuma mpaka mfupa, damu ikaruka kwenye sukari, lakini haikufika kwenye risasi. Mlangoni pa jikoni alisimama binti yake, Shirini, anasoma chuo, soksi miguuni, mkate kwapani, waya za redio masikioni. Palikuwa kimya hivi kwamba ule wimbo wake niliusikia mimi.

Mkono uleule wa sarafu, mdogo wangu. Kwa dubu ulitetemeka, kwa mtu haukutetemeka.

Hospitali Nizari aliwaambia nilibanwa na mlango. Nikakubali. Mtu hawezi kupokonywa kibali na kupelekwa polisi nami nakaa nachekelea. Lakini jioni aliponirudisha nyumbani, alimwambia Sefu mengine. Alisema: "Mzee aliidaka bastola, ndiyo maana ikafyatuka. Asingeishika, lisingetokea kitu." Na akamweleza habari ya sarafu. Sarafu, Hamisi! Ile aliyoniambia ni upepo!

Mimi nilikuwa naangalia kidole chake. Kilikuwa kimeshakaza kabla sijagusa chuma. Anajua, na ninajua kwamba anajua. Mtu hawezi kulala akikumbuka kidole chake kilimkazia mwanawe, basi akakitafutia kidole hicho mwenyewe mwingine, akaona kuna mzee hapa, mikono inatetemeka, atafaa. Siendi tena kunywa chai kwake. Akinipungia mkono kule barabarani natazama basi.

Na Sefu akafurahi kuamini. Kwake ilikuwa rahisi. Sasa anataka nikapimwe kichwa. Amenikataza kutoka peke yangu, na pasipoti yangu iko kwenye droo yake. Nimemwambia nataka kwenda kwetu. Amejibu: "Baba mdogo akiandika kwamba anakupokea, nitakata tiketi. Asipoandika, unabaki." Kwa hiyo neno ni lako, si la daktari wala la Sefu. Nimetawaliwa na Mwingereza, na mvua za Bama, na wake wawili, sasa natawaliwa na barua yako.

Umeniuliza kwa dharau, kaka na bastola wapi na wapi. Jibu la fundi ni hili. Kwa shabaha naipa maki zote: chuma kizuri, uzito mzuri, haina hila. Kwa nyumba siipi kitu. Chuma hakijui hodi wala karibu, kinajua kidole tu. Nizari ameiacha klabuni, kwenye kabati la kule, na afadhali. Na ile kanuni ya hodi ilikuwa yangu, nilikosea. Nimeliandika mara moja, usiniombe nirudie.

Nisalimie shemeji, mwambie asali na ndimu, aache vidonge vya dukani. Nisalimie binti wa mama mdogo anayeuza karanga hapo stendi, na muadhini, kama bado anachelewa alfajiri. Na yule mwalimu mpangaji nisalimie sana, mwambie chumba kina mwenyewe.

Nikifika nitasimama nje na kupiga hodi mara tatu kama tulivyofundishwa. Ya tatu isipoitikiwa, nitageuka nirudi stesheni na mzigo wangu, na hutaniona tena.

Ni mimi kaka yako, aliyekuwa Koplo Mrisho wa ghala la silaha.

Shahidi wa maneno haya usimtafute Nizari, wala mwanao Sefu, huyo hakuwepo. Shahidi ni Shirini binti Nizari, aliyekuwa mbele ya mtutu na akaona ni kidole cha nani kilichokaza. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza. Kila Alhamisi anapanda lifti mpaka kwetu ghorofa ya kumi na moja, kengele ya mlango ipo hapo lakini haigusi. Anasimama nje, anasema "hodi," anangoja mpaka niitikie. Piga simu siku hiyo, wajukuu watakutafsiria, Kiswahili wanakiweza wakitaka. Kiswahili chake ni hilo neno moja tu, na sababu ya kulijua sasa unaijua.